Barua zilizocheleweshwa Jing-Mei

Nilipanda treni ya mjini kutoka katikati ya Taipei, nikashuka Dapinglin, nikamalizia kwa miguu hadi Jing-Mei. Leo ni makumbusho ya haki za binadamu. Zamani palikuwa mahakama na gereza la kijeshi. Sheria ya kijeshi ilidumu Taiwan tangu Mei 1949 hadi Julai 1987, na kitabu ulichosoma au rafiki uliyeonekana naye vilitosha kukutia ndani.

Chumba kilichonikalisha zaidi ni kile cha kuonana na ndugu. Kuna kioo, na simu kila upande. Mfungwa huku, mama yake kule, askari anasikiliza. Barua nazo zilipimwa, zisizidi herufi 200 za Kichina, na zilisomwa na wakaguzi kwanza. Mtu utamweleza nini mkeo kwa herufi 200?

Na hao angalau barua zao zilifika. Wapo waliohukumiwa kifo wakaandika za kuwaaga watoto wao, dola ikazifungia kwenye majalada yake. Familia zilianza kurudishiwa mwaka 2011. Mtoto aliyekuwa tumboni baba yake alipopigwa risasi anaisoma barua hiyo akiwa mzee. Hapo nilishindwa kuendelea, nikatoka nje kwanza.

Katika ukumbi wa mahakama ndiko waliposhtakiwa, mwaka 1980, viongozi wa maandamano ya kudai demokrasia katika mji wa Kaohsiung. Mmoja wao, Annette Lu, alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Mwaka 2000 alichaguliwa makamu wa rais, na rais wake, Chen Shui-bian, alikuwa mmoja wa mawakili wa utetezi katika kesi ileile. Kura zile za wananchi zinanipa moyo mpaka leo.

Lakini haki haijatimia. Rais Lee Teng-hui aliomba radhi mwaka 1995 kwa mauaji ya 1947, pale majeshi ya serikali yalipoua maelfu ya raia, na tume iliyofanya kazi kati ya 2018 na 2022 ilifuta maelfu ya hukumu. Waliodhulumiwa wanajulikana kwa majina. Waliotoa amri hawakupandishwa kizimbani.

Jioni nilipita kwenye jumba la kumbukumbu la Chiang Kai-shek, aliyetawala Taiwan kwa sehemu kubwa ya enzi ile ya sheria ya kijeshi. Tangu Julai 2024 askari wa gwaride hawasimami tena mbele ya sanamu yake, wamehamishiwa uwanjani. Sanamu bado imekaa palepale, na Wataiwani wanabishana iondolewe au ibaki. Mimi, baada ya kutoka Jing-Mei, naona iondolewe.