Siku yangu na makrofaji (seli za kinga zinazomeza bakteria), Mulago

Saa 11 alfajiri nishaamka manake foleni ya Jinja Road ikishashika, taksi ya kutoka Kireka inafika hospitali ya Mulago, Kampala, kwenye maabara yetu ya TB, kwa neema ya Mungu tu, na damu ikishatolewa haitaki kungoja.

Saa 2 kaja mama mmoja wa Bwaise kutoa damu. Kamuuguza kaka ake TB ya mapafu kwenye chumba kimoja, analala hapohapo, ila kipimo cha ngozi na cha damu kila tukirudia hana maambukizi. Akaniuliza, "musawo (daktari), mbona mimi sijashikwa?" Nikamwambia nyabo (mama), hilo swali ndo kazi yetu yote. Watu kama yeye hapa Kampala wamefuatiliwa miaka mingi, na tunashuku sehemu ya jibu iko kwenye jeni, zile zinazoamua seli za kinga ya kuzaliwa nayo zifanye nini bakteria akiingia tu.

Saa 3 nazungusha damu kwa sentrifyuji. Hapa napapenda jamani, tyubu ikitoka seli nyekundu zimezama chini, plazma ya njano juu, katikati kuna kautepe keupe kembamba kama utando wa maziwa, humo ndo kuna monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, unakavuta na pipeti polepole bila pupa. Zikikaa kwa inkubeta kama wiki hivi zinageuka makrofaji.

Saa 6 rolex (chapati ya kuviringwa na mayai) ya haraka Wandegeya.

Saa 7 chumba cha TB, gauni, glavu mbilimbili, barakoa ya N95. Naambukiza makrofaji za wiki iliyopita, za watu wawili wa nyumba moja, mmoja alishikwa mwingine hakushikwa, bakteria wale wale kwa kiasi kile kile, alafu ni kusubiri masaa. Mwanafunzi wetu akauliza kwani jeni moja inaweza kuleta tofauti kweli? Kwa panya inaweza! Mwaka 1993 watafiti wa Montreal, Kanada walitangaza jeni ya Nramp1, inatengeneza pampu inayotoa madini ya chuma na manganizi kwenye kifuko ambamo makrofaji imemmeza bakteria, kwaiyo bakteria anakosa chakula. Asidi amino (kipande kidogo cha protini) moja tu ya hiyo pampu ikibadilika pale nafasi ya 169, panya anazidiwa na bakteria wa Salmonella. Binadamu na TB ni jeni nyingi kwa pamoja, ndo mana inatuchukua muda hivi.

Saa 11 nimeosha bakteria waliobaki nje ya seli, nimepasua seli, nimepanda waliokuwa ndani kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Koloni (vichuguu vya bakteria) za TB zinataka kama wiki 3 kuonekana, tutazihesabu alafu tulinganishe na DNA za wale wawili.