Kinoa: faida ya moyo huanzia tumboni

Mara ya kwanza nilipopika kinoa sikuiosha. Niliimimina sufuriani kama ilivyotoka kwenye pakiti, nikatia maji na chumvi kidogo, na baada ya dakika 15 nikapata bakuli la punje laini za kupendeza macho, ila zenye uchungu uliong'ang'ania ulimini hata nilipokunywa maji. Siku iliyofuata niliziweka punje mbichi katika chujio lenye matundu madogo na kuzisugua kwa kiganja chini ya bomba, maji yakatoka na povu kama la sabuni. Povu hilo hutokana na saponini, kemikali chungu ambazo mmea huziweka kwenye ganda la nje la mbegu ili ndege na wadudu wasiishambulie. Tangu siku hiyo huosha mpaka povu liishe.

Ingawa hupikwa na kuliwa kama nafaka, kinoa kwa hakika ni mbegu ya mmea ulio katika familia moja na mchicha. Asili yake ni milima ya Andes, hasa katika nchi za Peru na Bolivia, ambako imelimwa kwa maelfu ya miaka, na Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa. Wasemaji wa Kikechua huiita kinwa, na sikio la Mswahili haliwezi kulisikia neno hilo bila kufikiria kinywa.

Baada ya kuiva, kila punje huachia kiuzi cheupe kilichojikunja kama mkia mdogo. Kiuzi hicho ndicho kiini cha mbegu, yaani mche ambao ungechipua, na ndani yake mna sehemu kubwa ya protini na mafuta ya kinoa. Mchele mweupe huondolewa kiini na pumba unapokobolewa, lakini mlaji wa kinoa hula mbegu karibu yote. Ndiyo maana kikombe kimoja cha kinoa iliyopikwa, takriban gramu 185, huwa na gramu 8 hivi za protini na gramu 5 za nyuzinyuzi, wakati kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu 1 ya nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa hiyo kikombe hicho ni moja ya tano ya safari.

Nyuzinyuzi ndizo zinazouunganisha utumbo na moyo, na jambo hili nililielewa nikiwa nimechelewa. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo, nyongo humwagwa utumbo mwembamba ili kusaidia kusaga mafuta, kisha sehemu yake kubwa hufyonzwa na kurudi kwenye ini ikatumike tena. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini huinasa baadhi ya nyongo hiyo na kutoka nayo pamoja na choo, hivyo ini hulazimika kuchukua kolesteroli nyingine kutoka kwenye damu ili kufidia pengo. Hata hivyo, nyuzinyuzi nyingi za kinoa ni za aina isiyoyeyuka, ambayo kazi yake kubwa ni kukipa choo ujazo na kukisukuma. Kwa kushusha kolesteroli peke yake, shayiri ina nguvu zaidi, na anayeinadi kinoa kama dawa ya moyo anaivika joho lisilo lake.

Zile nyuzinyuzi ambazo miili yetu haiwezi kuzisaga hufika utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kuzalisha asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Ukuta uliolishwa vizuri huzuia vitu visivyotakiwa kupenya kuingia kwenye damu, na watafiti wanaendelea kuchunguza jinsi asidi hizo zinavyohusiana na uvimbe wa ndani kwa ndani unaochangia kuharibu mishipa.

Kuhusu moyo wenyewe, kinoa ina magnesiamu ya kutosha na potasiamu, madini yanayosaidia kudhibiti shinikizo la damu, na mafuta yake mengi ni yale yasiyoganda. Jaribio moja dogo la Australia lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kuwa watu wenye uzito uliozidi waliokula gramu 50 za kinoa kila siku kwa wiki 12 walipungukiwa na trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu, lakini kolesteroli yao haikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Matokeo hayo yanalingana na maelezo ya nyuzinyuzi niliyoyatoa hapo juu.

Kwa maoni yangu, swali la maana zaidi ni kinoa imechukua nafasi ya nini kwenye sahani. Ikichukua nafasi ya wanga uliokobolewa, mlaji amenufaika. Ikiongezwa juu ya mlo uleule, ameongeza kalori zipatazo 220 kwa kila kikombe.

Mimi nilianza kwa pupa, bakuli kubwa mchana na jioni, nikapata gesi na tumbo kujaa kwa siku kadhaa, kwa sababu bakteria walioletewa shehena ya ghafla huichachusha kwa kelele. Nilipopunguza hadi vijiko vichache, nikaongeza taratibu na kunywa maji zaidi, tumbo lilitulia. Wenye ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo wao hudhuriwa na glutini, protini iliyomo kwenye ngano, wanaweza kuila kwa kuwa haina glutini hiyo, mradi haijachanganyika na ngano kiwandani. Aliyewahi kupata mawe ya figo yatokanayo na oksaleti, kemikali ya mimea inayoungana na kalisi, azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa kinoa, kama walivyo ndugu zake wa jamii ya mchicha, inayo oksaleti.