Redio ya AM na mashine yangu ya CNC

Nilikuwa najiundia mashine ya CNC, yaani ya kukata mbao kwa amri za kompyuta, na fremu yake haikunisumbua. Vyuma nilivipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, plaiwudi ya milimita 18 nikakatiwa Keko na mafundi samani ambao mpaka leo nadhani wanaamini nilikuwa natengeneza kitanda cha mtoto. Mwaka ulikuwa 2019, nimepanga chumba na sebule Temeke, na meza ya kulia ilikuwa imeshageuka karakana.

Kilichonikesha ni waya. Mota ya NEMA 17, ile inayozunguka hatua kwa hatua na kusogeza meza, inakuja na waya nne, na rangi zake si za kuziamini, maana kila kiwanda kina mpango wake. Kuna njia ya kuzitambua isiyohitaji hata testa, nami niliipenda sana: gusanisha waya mbili zozote, halafu zungusha shafti kwa vidole. Ikizunguka kilaini, hizo si jozi. Ikikaza na kwenda kwa kujikwaa, umeshika koili moja, na mbili zilizobaki ni za koili ya pili. Baada ya hapo nikarekebisha driva za A4988, vibodi vinavyozipa mota umeme wake, kwa bisibisi ya fundi saa, nikikigeuza kile kiskrubu kidogo hadi mita ikasoma volti 0.8, ambayo kwa driva zangu ilikuwa ampia 1 hivi.

Hesabu yenyewe ni tamu. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, driva inaigawa kila hatua mara 16, na skrubu ikizunguka mara moja inasogeza meza milimita 8. Maana yake mapigo 400 kwa kila milimita. Nikaiandikia namba hiyo GRBL, programu inayoiongoza mashine kutoka kwenye bodi ya Arduino, nikaamuru isogee milimita 50, nikaweka rula. Hamsini kamili! Nilicheka peke yangu, saa sita usiku.

Kesho yake nikafunga ruta ya mbao, ile mota ya kukatia, nikaiwasha. Papo hapo kompyuta ikaandika ALARM:1 na kila kitu kikagoma. Ujumbe huo maana yake meza imegonga swichi ya mwisho wa njia. Lakini meza ilikuwa katikati kabisa, haijagusa kitu. Nazima ruta, mashine inatii. Nawasha, inagoma. Nikabadilisha waya ya USB, nikaazima pawasaplai nyingine, nikaanza kuitilia shaka Arduino yenyewe, kwa kuwa haikuwa ile ya asili. Wenzangu niliowauliza kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna lililofanana na la mwenzake.

Mtaa wa nyuma palikuwa na fundi redio, mzee wa makamo, kibanda chake kimejaa amplifaya za harusi. Nilikwenda kumwomba lehemu tu. Nikamsalimia, akaitikia, akauliza naunga nini. Nilipomweleza, akafunga kibanda, akachukua redio ndogo ya betri tukaondoka wote.

"Hiyo mota ya kukatia ina kaboni?" aliuliza alipoingia.

"Inazo, Fundi."

"Haya, usisogeze mashine. Washa hiyo ya kukatia peke yake."

Redio alikuwa ameitia kwenye AM, mahali pasipo na stesheni. Nilipobonyeza swichi ya ruta, ikaanza kupasuka kama mahindi ya bisi kwenye sufuria. Akaipitisha taratibu juu ya waya, kipande kwa kipande, kichwa kakiinamisha. Ilipofika kwenye waya za zile swichi, ambazo nilikuwa nimezifunga nadhifu kwa tai za plastiki pamoja na waya ya umeme ya ruta, ikapiga kelele hadi jirani akachungulia.

Kaboni zikisuguana na komyuta, kile kipande cha shaba kinachozunguka ndani ya mota, hutoa cheche, na kila cheche inarusha mawimbi ya redio. Waya ndefu ya swichi ni antena, haina namna. Rezista ya ndani ya Arduino inayotakiwa kuishikilia kwenye volti 5 ni ya kilo-omu 20 hadi 50, dhaifu mno kwa vurugu hiyo. Bodi ilikuwa inasikia cheche na kudhani ni swichi imebonyezwa.

Fundi akatoa kipande cha waya ya maiki, ile yenye wavu wa shaba chini ya ganda. Wavu tukauunga na grandi upande wa bodi peke yake. Upande wa swichi akaukata na kuufunika kwa tepu, maana ukiunga pande zote mbili, alisema, unakaribisha mngurumo. Hayo aliyajua kwenye amplifaya zake. Kwenye kila pini ya swichi tukaweka kapasita ya keramiki yenye maandishi 104 ya kumeza vurugu, na waya ya ruta ikahamishiwa upande wa pili wa fremu. Nikawasha. Kimya kwenye kompyuta, ruta inaunguruma inavyotaka.

Hela aliikataa. Alitaka kava la spika, plaiwudi yenye matundu. Tuliianza jioni ileile, na kabla haijafika nusu umeme ukakatika. Uliporudi niliiagiza mashine ikatafute swichi zake ijue kona ilipo, nikairudisha kwenye sifuri ya kazi, ambayo GRBL huitunza hata umeme ukizimwa, tukaendelea kutoka mstari ilipoishia. Fundi akapitisha kidole juu ya matundu akitafuta mahali pa kuungia, hakupaona.

"Sasa la pili," akasema. "Spika ziko mbili."