Buibui wa barazani, saa moja jioni
Jamani, kabla hamjachukua ufagio, mkazieni macho. Huachia uzi mmoja upeperuke na upepo hadi unase upande wa pili. Kisha hufunga nyuzi zinazotoka katikati, kama spoku za baiskeli. Baadaye huzungusha uzi usionata kuelekea nje, ngazi ya muda tu. Akirudi ndani anaikata huku akibandika uzi unaonata. Tazama mguu wa nyuma: unavuta, unagusisha, unabandika, spoku baada ya spoku. Raha tupu!

Tochi ielekeze pembeni, akishtuka husimama. Wengi huula utando wao na kusuka mpya. Yule mkubwa wa nyuzi za dhahabu hukarabati tu, na vile vidogo vilivyojibanza karibu naye mara nyingi ni madume, si watoto.