Kipanga kakamata nini?

Wenzangu wa kutazama ndege hapa Malindi wakimwona kipanga, vita huwa ni jina lake. Wakishakubaliana, wanafunga darubini. Mimi siku hizi kinachonishughulisha ni kile alichokibana kwenye kucha.

Leo asubuhi katua mmoja kwenye mwarobaini wa nyuma, yule mdogo mwenye macho mekundu. Kitu kilikuwa kinaning'inia: chembamba, kirefu, hakina manyoya. Mkia wa mjusi. Alimkanyagia tawini, akaanza kumnyofoa kichwani, na ule mkia ukazidi kupinda na kunyooka. Jirani akatoka na ufagio.

“Ndiye huyo mwizi wa vifaranga vyangu!”

“Bi mkubwa, huyu anakula mjusi. Wa vifaranga ni mwewe, yule mwenye mkia wa panda.”

“Wewe watetea ndege, kuku si wako.”

Haya. Alipoondoka kipanga nilikwenda kuchungulia chini ya mti. Mjusi hakuacha kitu, ila palikuwa na manyoya ya zamani kidogo, ya njano, ya mnana. Unyoya niliouokota ulikuwa mzima mpaka kwenye kikonyo, maana ndege mwindaji huyang'oa moja moja kabla ya kula. Paka au nguchiro hana subira hiyo: hutafuna, vikonyo vikakatika, na manyoya yakabaki mafungu yaliyogandana kwa mate. Karibu na banda la jirani nimeyaona ya namna hiyo, na paka anaye. Sikusema neno.

Kazi ngumu inakuja Novemba, kozi wahamiaji wanapopita pwani. Hao hukamata wadudu waitwao kereng'ende na kuwala hukohuko hewani, kwa hiyo hakuna mti wa kuchungulia chini yake. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, aliandika kwamba kereng'ende hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki wakisukumwa na upepo, na kwamba kozi wa Amur, hao wahamiaji watokao Asia ya Mashariki, hupita njia hiyo majira hayohayo. Yaani chakula na mlaji wanasafiri pamoja! Kwa hiyo ukimwona kozi anazunguka juu ya mlango wa mto Sabaki, usihangaike kutafuta ndege anayekimbizwa. Mtazame mguu. Akiupeleka mdomoni huku anaruka, na vibawa vyembamba vikadondoka nyuma yake, basi ni kereng'ende.