Mwanangu wa Maore, mwanangu wa Moroni

Nilikuwa natazama picha za Robert Badinter akiingizwa Panthéon, kule Paris wanakowaweka wakubwa wao, tarehe 9 Oktoba 2025. Binti yangu akauliza, "Baba, huyu mzee alifanya nini?" Nikamwambia alikuwa waziri wa sheria wa Ufaransa, ndiye aliyepigania watu wasikatwe tena vichwa. Akaridhika, akarudi kwenye simu yake. Mimi akili ilishafika Moroni, mji mkuu wa Komoro, mwaka 1996.

Nilikuwa kwa mama mdogo, mtaa wa Badjanani. Rais Taki hajatimiza hata mwaka madarakani, na serikali yake ilikuwa imempiga mtu risasi kwa hukumu ya mahakama. Kila baraza habari ni hiyo. Wengine wakisema muuaji kapata stahiki yake, wengine wakinyamaza.

Mama mdogo alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mataba, yaani kisamvu. Mjomba akatoka chumbani na karatasi ya fotokopi, wino umefifia, pembe moja imeliwa na mende. Ilikuwa sheria ya Ufaransa ya tarehe 9 Oktoba 1981. Akasoma kifungu cha kwanza kwa Kifaransa, akatufasiria: adhabu ya kifo imefutwa. Kisha akaruka mpaka chini, kidole kikasimama kwenye mstari mmoja: sheria hii inatumika pia katika maeneo ya ng'ambo, na Mayotte, yaani Maore, kisiwa cha Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa.

Mama mdogo akaacha kukuna. Machicha yamemganda vidoleni.

"Yaani mwanangu aliyeko Maore akiua, hauawi. Na huyu wa hapa akiua, anauawa?"

"Ndiyo, dada."

"Na wote nimewazaa mimi."

Mjomba hakujibu. Huyu ndiye aliyezunguka vijiji vya Ngazija, kisiwa ulipo mji wa Moroni, mwaka 1974 akiwaomba watu wapige kura ya uhuru, na Maore walipochagua kubaki na Mfaransa aliumia kama aliyefiwa. Sasa ameshika karatasi ya Mfaransa huyohuyo, na ndani yake mna kitu alichotamani kiwe chetu. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kanzu. "Ningetaka tuifute wenyewe," akasema, akatoka kwenda kuswali alasiri.

Kauli ile haijanitoka. Bunge lililopitisha sheria ile, kura 363 kwa 117, lilikuwa Paris. Maore ilitajwa tu mwishoni pamoja na makoloni mengine yaliyobaki. Mimi siikatai sheria njema kwa sababu ya mkono ulioiandika. Uhai ni uhai. Lakini Maore iko kama kilomita 70 tu kutoka Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, na tangu 1995 Mfaransa anamdai viza mtu wa Nzwani anayekwenda kumtazama ndugu yake. Wangapi wamezama na kwassa-kwassa, viboti vya kuvukia kwa siri, kwenye maji yale! Dola iliyoapa haitaua kwa hukumu, vifo hivyo inavihesabu kwa nani? Hapo ndipo ninapokwama, na sijapata wa kunikwamua.

Mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Komoro haijamuua mtu kwa hukumu tangu 1997, ila adhabu yenyewe hawajaifuta. Sisi Tanzania wa mwisho alinyongwa 1994, na sheria yetu nayo bado ipo.