Unalipa kodi kiasi gani? Dodoso la Kiswahili kwa anayeandika tasnifu ya Kiingereza

Ukiacha wanafunzi wa Kiswahili na wachache wengine, karibu kila anayefanya utafiti katika vyuo vya Dar es Salaam huandika pendekezo kwa Kiingereza, hulitetea kwa Kiingereza na tasnifu huikabidhi kwa Kiingereza. Katikati hapo kuna wiki tatu nne za uwandani ambazo kila neno husemwa kwa Kiswahili. Dodoso hutafsiriwa usiku mmoja kabla ya kuingia mtaani, kisha sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, huandika sentensi moja tu: dodoso lilitafsiriwa kwa Kiswahili ili wahojiwa waelewe. Hiyo sentensi ndiyo ninayotaka tuishike leo. Nimesoma sura za nne nyingi, zile za matokeo, zenye majedwali mazuri yaliyojengwa juu ya swali ambalo wahojiwa walilielewa kwa namna tatu, na hakuna jaribio la takwimu linaloweza kuliokoa swali la namna hiyo.

Chukua swali fupi: "Unalipa kodi kiasi gani kwa mwezi?" Mpangaji wa Manzese atakutajia pesa anayompa mwenye nyumba. Mwenye duka Kariakoo atafikiria TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Mwenye nyumba atakwambia inakatwa kwenye LUKU, kwa sababu tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme. Majibu yote matatu ni ya kweli, na yote yataingia kwenye safu moja. Halafu kuna hayo maneno "kwa mwezi". Chumba mjini hulipiwa miezi mitatu, sita, au mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo mhojiwa huanza kugawanya kichwani huku mtoto analia na wewe umeshika kalamu. Hapo lazima akosee. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulimpa mwenye nyumba shilingi ngapi?" na "Pesa hiyo ilikuwa ya miezi mingapi?" Kugawanya utagawanya mwenyewe jioni.

Neno "kazi" lina shida ya aina hiyo hiyo. Muulize mama ntilie kama ana kazi, atakujibu hana, anahangaika tu na biashara. Kwa wengi mjini, kazi ni ile ya kuajiriwa, yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Dereva wa bodaboda, fundi wa deiwaka na muuza mihogo hawahesabu wanachofanya kuwa ni kazi, na wewe utaripoti ukosefu wa ajira wa kutisha. Tafiti za nguvukazi zinazofuata utaratibu wa Shirika la Kazi Duniani hukwepa neno lenyewe: katika siku 7 zilizopita, je, ulifanya shughuli yoyote ya kukuingizia kipato, hata kwa saa moja? Liazime swali hilo kama lilivyo. Ukitaka kujua kipato, usiulize cha mwezi kwa mtu anayelipwa kwa siku. Uliza siku nzuri anaondoka na shilingi ngapi, siku mbaya ngapi, na wiki iliyopita alifanya siku ngapi.

Wa uhandisi wa maji nao wasidhani wamesalimika kwa kuwa wanapima vitu. "Je, mnatumia maji ya bomba?" Mkazi anayenunua ndoo kwa jirani mwenye bomba atasema ndiyo, na hajakosea. Kama unataka kujua nani ameunganishiwa, uliza: "Maji mliyotumia jana kuogea na kufulia mliyatoa wapi?" Kisha uliza idadi ya vyombo, na uvione. Ndoo kubwa ni lita 20, ndogo ni lita 10. Ukiandika "ndoo 6" bila ukubwa, hujui kama ni lita 60 au 120.

Sasa kaya. Kitabuni maana yake inajulikana: watu wanaoishi pamoja, wanaopika na kula pamoja. Mtaani, msaidizi wako anahesabu nyumba. Nyumba ya kupanga Tandale ina korido katikati na vyumba sita, kila chumba na jiko lake la mkaa au gesi mlangoni. Hizo ni kaya sita. Msaidizi akibisha hodi, anayejitokeza ni mwenye nyumba, kwa sababu ndiye mwenye muda na ndiye aliyezoea kupokea wageni. Ukifanya hivyo kwa nyumba 200, umefanya utafiti kuhusu wenye nyumba, na wapangaji wote wamepotea. Dawa yake ni kuorodhesha vyumba kwanza, kuvipa namba, kisha kuchagua namba moja kwa bahati nasibu. Aliyechaguliwa akiwa hayupo, usihamie chumba cha pili. Rudi mara tatu kwa saa tofauti, mojawapo iwe jioni au Jumapili, la sivyo wote wanaoshinda Kariakoo hutawapata.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la sentensi za kukanusha, kwa sababu huharibu data kimyakimya. Kipimo cha Kiingereza kina kauli kama "sijawahi kuruka dozi", chaguo ni ndiyo au hapana. Kwa Kiswahili, mtu ambaye hajawahi kuruka anaweza kujibu "ndiyo", yaani ndivyo, sijawahi. Jirani yake ambaye naye hajawahi atajibu "hapana", yaani hapana, sijawahi. Ukweli ni mmoja, majibu mawili tofauti kwenye kompyuta. Baadaye alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama maswali ya kipimo kimoja yanakwenda pamoja, inatoka chini ya 0.7 na mwanafunzi anaanza kufuta maswali ovyo ili ipande. Kabla ya kufuta, tazama uhusiano wa kila swali na jumla ya mengine: swali lenye namba hasi mara nyingi ni lile la kukanusha. Ligeuze liwe la kukubali tangu mwanzo: "Katika siku 7 zilizopita, uliruka dozi mara ngapi?"

Ngazi tano za kukubaliana nazo hazifai kusomwa zote kwa mkupuo. Mhojiwa akisomewa "nakubaliana sana, nakubaliana, sina uhakika, sikubaliani, sikubaliani kabisa", hadi ufike mwisho amesahau mwanzo, na kwa heshima ya mgeni atasema anakubaliana. Gawa hatua mbili. Kwanza: unakubali au hukubali? Kisha: sana, au kiasi? "Sina uhakika" usiisome. Iweke alama pale tu anaposema mwenyewe.

Kuhusu saa nitaeleza kwa kirefu, kwani simu na tableti hazijui saa yetu. Mtu akisema anaamka saa kumi na moja, msaidizi aliyechoka anabonyeza 11:00. Usimwachie abonyeze saa. Weka sehemu mbili: namba ya saa, kutoka 1 hadi 12, na kipindi, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Ubadilishaji ufanye wewe kwenye data. Saa za asubuhi, mchana na jioni ongeza 6: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi na moja jioni ni 17:00. Saa za usiku na alfajiri ongeza 18, na ikifika 24 au zaidi toa 24: saa mbili usiku ni 20:00, saa kumi alfajiri ni 04:00. Mtego upo kwenye saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kanuni ya asubuhi itakupa 18:00, mtu aonekane anaamka jua linazama. Ihesabu pamoja na za alfajiri, itatoka 06:00. Hali kadhalika kwa anayesema saa kumi na moja asubuhi. Na anayesema saa moja jioni, mhesabu pamoja na za usiku, itatoka 19:00.

Siku nazo zina lao. Kwa watu wazima wa Pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. Kama unauliza nani alilala ndani ya chandarua, sema "usiku wa kuamkia leo", na hakuna atakayekosea.

Utaratibu wa kutafsiri wenyewe hauhitaji pesa nyingi, unahitaji siku kama kumi. Tafuta watu wawili, mmoja wa fani yako na mmoja asiyeijua fani ila anaandika Kiswahili safi. Kila mmoja atafsiri peke yake. Kisha kaeni watatu na muweke tafsiri mbili sambamba. Pale walipotofautiana ndipo swali lenyewe lina utata, mara nyingi tangu kwenye Kiingereza. Baada ya hapo mpe mtu wa nne, asiyeona dodoso la awali, alirudishe kwenye Kiingereza.

Hapo kwenye tafsiri rejea wengi huishia, na naona ni makosa. Tafsiri rejea hulisifu neno lililofuata Kiingereza nukta kwa nukta. Ukiandika "je, umejisikia chini?" itarudi Kiingereza ikiwa safi kabisa, na msimamizi atatia saini. Mama wa Mbagala atakutazama tu. Ukiandika "moyo wako umekuwa mzito, huna raha?" yeye ataelewa, lakini tafsiri rejea itakuja na maneno tofauti na mtu wa karatasi ataona kasoro. Mwamini mama wa Mbagala. Ila kama unatumia kipimo maalumu kama PHQ-9, yaani maswali tisa ya kupima sonona, ambacho toleo lake la Kiswahili limeshatumika Kenya na Tanzania, usijitungie lako. Chukua lililopo, lijaribu, na ukibadilisha neno liandike.

Majaribio yana hatua mbili, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni watu 8 hadi 10, swali kwa swali: "Kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?" na "Umefikaje kwenye jibu hilo?" Wakijikwaa watatu, swali linaandikwa upya. Ya pili ni dodoso zima kwa karibu asilimia 10 ya sampuli, katika mtaa unaofanana na wako lakini usiomo kwenye sampuli. Hapo unapima dakika. Likizidi dakika 40, mhojiwa anaanza kujibu ili uondoke. Toleo la Kiswahili liambatishwe pia kwenye maombi ya kibali cha maadili, pamoja na fomu ya ridhaa, na nakala moja mpe mtendaji wa mtaa unapopeleka barua. Anayesikiliza migogoro ya wapangaji kila siku ataliona neno "kodi" kabla yako.

KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu au tableti, inakubali lugha mbili kwenye fomu moja. Weka Kiswahili kiwe cha kwanza, na Kiingereza wasaidizi wasikione wakiwa uwandani, maana wakikiona watatafsiri papo hapo, kila mmoja kivyake. Wafundishe kusoma swali kama lilivyoandikwa, na asiyeeleweka arudie maneno yale yale polepole kabla ya kutumia ufafanuzi mlioukubaliana.

Wakati wote huo weka jedwali la safu tatu: swali la awali, walichoelewa wahojiwa wa majaribio, swali jipya. Likae kwenye viambatisho pamoja na madodoso yote mawili, na sura ya tatu itaje maswali mangapi yalibadilishwa na kwa nini. Mtahini atakayeuliza uhalali wa data yako, mfungulie ukurasa huo.